Kikao huanza kabla ya kikao: kuongoza wadau wa shirika dogo pwani ya Tanga

Ofisi yetu ipo Ngamiani, vyumba viwili juu ya duka la mabati. Kazi yetu ni kusaidia vijiji vya pwani visimamie uvuvi wao na kulima mwani. Hatuuzi kitu, na kila Desemba tunapiga hesabu kama Januari tutakuwepo. Mimi niliingia hapa kama mhasibu. Mratibu wetu alipopata kazi Dar es Salaam, bodi ikaniomba nishikilie nafasi miezi mitatu mpaka apatikane mtu. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Vijana wanaopewa uratibu kwenye mashirika yao hunipigia simu, na swali ni lilelile: "Shikamoo mama, hivi wale wadau wote unawawezaje?" Jibu fupi ni kwamba siwawezi. Jibu refu nimechoka kulitoa kwa simu, kwa hiyo nimeliandika.

Anza na anayeweza kukukwamisha

Mtaani, mdau ni mshikaji wako. Kwenye andiko la mradi, mdau ni jina ndani ya jedwali: halmashauri, wafadhili, jamii, vyombo vya habari. Jedwali hilo lijaze, mfadhili analitaka, kisha liweke kabatini. Orodha ya kufanyia kazi utaipata kwa swali moja tu: ni nani ambaye akikataa kesho asubuhi, jambo hili halifanyiki?

Swali hilo nilifundishwa na pweza. Kijiji kimoja kilitaka kufunga mwamba wake miezi mitatu ili pweza wapumue. Ni jambo linalofanywa sehemu nyingi za pwani yetu na lina mantiki yake, maana pweza hukua upesi mno. Ukimwacha miezi mitatu unamkuta mzito. Tulikaa na kamati ya BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali kinachoundwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Tulikaa na serikali ya kijiji. Afisa Uvuvi alikuja na pikipiki yake. Mkutano mkuu ukapitisha, mikono juu, makofi, picha. Nikaandika ripoti usiku uleule, na nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikupwa hadi mgongo wa mwamba ukaonekana, na kina mama kumi na wawili wakateremka na vyuma vyao vya kuchokolea pweza. Walinzi wa BMU wakawazuia. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejifunga kanga mbili, akaketi juu ya jiwe, akaweka kikapu chake miguuni, akauliza: "Mwamba umefungwa na nani? Mie sikuufunga."

Alisema kweli. Orodha niliyopewa ilikuwa ya wenye vyombo na leseni, wote wanaume. Wanaochokoa pweza kwa miguu hawana chombo wala leseni, kwa hiyo hawakuwemo kwenye karatasi ya mtu yeyote, na hao ndio hasa wanaokula kwa mwamba ule. Mkutano mkuu tuliufanya saa nne asubuhi, siku ambayo wao walikuwa majini. Hakuna aliyewaficha kwa makusudi. Hakuna aliyewakumbuka, basi. Mwamba ulifunguka siku hiyohiyo, na ilituchukua mwaka mzima kurudi pale tulipokuwa.

Tangu hapo nikienda kijiji kipya natafuta wasio kwenye karatasi. Yupo tajiri, yaani mnunuzi aliyewakopesha wavuvi nyavu na injini, na samaki wote wanaishia kwake kwa bei yake. Ukipanga habari ya mwamba au mzani bila yeye, wavuvi watakuitikia mkutanoni, na usiku wataenda kwake kuuliza wafanye nini. Wapo wavuvi wa dago, wanaotoka mbali na kupiga kambi ufukweni msimu mzima. Kijiji kinawaita wageni, lakini nyavu zao zinavua samaki walewale. Yupo imamu, ambaye neno lake baada ya swala ya Ijumaa linafika nyumba nyingi kuliko spika yangu. Na yupo kijana anayejulikana kwamba huvua kwa baruti, ambaye hakuna atakayekutajia, kwa sababu ni mtoto wa mtu.

Kauntabuku

Nina kauntabuku moja, na kila mdau ana kurasa mbili. Naandika mambo manne: anataka nini, anaogopa kupoteza nini, anamsikiliza nani, na mara ya mwisho nilimtembelea lini bila kuwa na shida naye. Hilo la nne nalitazama kuliko yote. Nikiona miezi minne imepita, najua safari ijayo nitaonekana mwombaji.

La pili ndilo linalofungua milango. Tulikuwa na mtumishi mmoja wa serikali aliyepinga kila tulichopendekeza. Ofisini kwetu tukaamini anatafuta posho. Nikaenda kunywa naye kahawa, mara mbili, bila ajenda. Kumbe mradi uliotangulia, wa watu wengine, uliacha mashua ya doria ikaozea ufukweni, na wakubwa walipouliza, yeye ndiye aliyeandikiwa barua ya kujieleza. Pesa yetu haikumhusu. Alichoogopa ni kuachiwa mzigo mwingine. Tulipoweka kwenye makubaliano kifungu kinachosema mafuta na matengenezo ya mwaka wa pili yatalipwa na nani, upinzani ukaisha, na akaturekebishia makosa mawili ambayo sisi hatukuyaona.

Tahadhari moja. Kauntabuku hiyo niliwahi kuisahau kwenye bajaji kati ya Chumbageni na ofisini. Ilirudi baada ya saa mbili, na dereva akaniambia kwa adabu kabisa kwamba mwenyekiti wa ukurasa wa tisa ni mjomba wake. Sasa siandiki humo neno ambalo siwezi kumsomea mwenyewe mbele ya uso wake.

Barua hutangulia miguu

Hapa sina mengi. Barua ya utambulisho iende kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya kupitia kwa Katibu Tawala, na umwone Afisa Maendeleo ya Jamii kabla hujaonana na mtu mwingine, kwa sababu masuala ya mashirika wilayani yanapita mezani kwake. Kisha Mtendaji wa Kata, diwani, Mtendaji wa Kijiji, mwenyekiti. Ukimruka mmoja, hatagomba. Atakuwa safarini kila unapomhitaji.

Kumbuka pia kwamba viti havikai na watu walewale. Wakuu wa wilaya na wakurugenzi huhamishwa, na baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 kuna vijiji tulianza upya kabisa, mwenyekiti mpya, wajumbe wapya. Kwa hiyo kila kijiji tuna jalada la kurasa tatu: tulikubaliana nini, lini, nani alisaini. Mpya akiingia namkabidhi wiki ya kwanza, kabla hajaambiwa habari zetu na aliyeshindwa.

Saa ya kikao ni nusu ya kikao

Mfadhili ana kalenda ya robo mwaka. Serikali ina mwaka wa fedha unaoanza Julai. Pwani kalenda ni mwezi wa angani, na usipoijua utakutana na viti.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wapo nyumbani wanashona nyavu na kulala. Hizo ndizo siku zao. Lakini mwezi mpevu ni bamvua pia, na hapa Tanga bamvua maji hukupwa katikati ya asubuhi, mnamo saa nne au tano. Wakati huo wakulima wa mwani na wachokoa pweza wako baharini. Wanarudi mchana, wanapika, wanapumzika. Ukijumlisha yote hayo na swala ya alasiri, unabakiwa na dirisha moja: siku za mwezi mpevu, kuanzia saa kumi na robo hadi kabla ya magharibi. Saa mbili tu. Ndiyo maana vikao vyetu ni vifupi. Watu hudhani ni nidhamu.

Ijumaa siitishi. Mwezi wa Ramadhani natembelea watu mmojammoja, sikusanyi. Wakati wa kusi kali pia vyombo vidogo havitoki sana, watu wapo, ila kusi ikiwa ndiyo inaanza, mvua za masika zitakufungia barabara, kwa hiyo hesabu na bodaboda.

Kikao kabla ya kikao

Kama utachukua jambo moja katika haya, chukua hili. Kwenye kikao kikubwa hakuna mtu anayebadili msimamo. Mbele ya mkwewe, mbele ya aliyemkopesha, mbele ya Mtendaji, mtu wa pwani hatakubali kwamba alikosea, na wala hatakuumbua kwa kukukatalia. Kazi ya kubadili misimamo inafanyika barazani, kwenye kijiwe cha kahawa, chini ya mkungu wakati nyavu zinashonwa. Kikao ni mahali pa kusema kwa sauti kile ambacho kila mmoja ameshakikubali kimoyomoyo.

Kwa jambo zito mimi hupanga wiki tatu. Wiki ya kwanza nasikiliza tu. Naenda kwa kila upande na swali moja, siendi na pendekezo. Wiki ya pili narudi na pendekezo na kulieleza kwa maneno yaleyale kila mahali. Maneno yaleyale, nasisitiza. Kijana wetu mmoja aliwaambia wavuvi kwamba kufunga mwamba ni kwa ajili ya kipato, akawaambia watu wa hifadhi kwamba ni kwa ajili ya matumbawe. Zote mbili ni kweli. Lakini wavuvi waliposikia neno matumbawe likitoka kinywani mwa afisa, wakakumbuka mwaka 2009, ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, hapa pwani yetu, na hofu ya kunyang'anywa bahari ikarudi mbichi. Tangu hapo tunaandika sentensi tano, na sisi sote tunazisema hizohizo, kwa Mkuu wa Wilaya na kwa mchuuzi wa soko la samaki la Deep Sea.

Wiki ya tatu napita kuuliza kila mmoja: "Nikisema hivi Jumanne, wewe utasemaje?" Kama jibu ni la kukwepa, Jumanne naiahirisha. Kuahirisha ni aibu ya siku moja tu.

Njia hii ina ubaya wake, na sitauficha. Mambo yakipikwa pembeni, mwenye sauti ndogo anaweza kukuta chungu kimeshaepuliwa. Dawa yangu ni mbili. Ninayemtembelea kwanza ni yule mwenye nguvu kidogo, kabla ya wakubwa, ili lake liwe ndani ya pendekezo tangu mwanzo. Na kwenye kikao chenyewe muhtasari unaandikwa kwenye bango kitita mbele ya macho ya watu, unasomwa kwa sauti kabla mtu hajanyanyuka, na yeyote anaweza kusema "hilo sikusema mimi". Likifutwa, limefutwa. Kisha unapigwa picha kwa simu tatu tofauti, mojawapo ya kijiji.

Makundi ya WhatsApp tunayo, ila hatuamui kitu humo. Ni ya kukumbushana tarehe na kutuma picha za bango. Nusu ya kina mama wetu wana simu za vitochi, na kundi likishaanza kurushiana sauti za dakika nne usiku, ugomvi uko njiani.

Kulisikia "hapana"

Mratibu aliyetoka bara, mchapakazi, alinijia siku moja amefurahi: kijiji kizima kimekubali. Wamesemaje? "Wamesema tumekusikia." Nikamwambia, mdogo wangu, umekataliwa.

Huku kwetu "tumekusikia" ni mlango uliorudishwa taratibu. "Inshallah" yenye tarehe ni ndiyo. "Inshallah" isiyo na tarehe ni hapana. "Hapana neno" inategemea macho yako wapi. "Wewe ndiye mtaalamu" maana yake hatutahusika likiharibika. Na mzee akianza kukueleza habari za mradi uliopita, kaa chini, zima simu, kwa sababu anakueleza sababu zake zote bila kukuvunjia heshima. Mtu anayekubishia waziwazi hunipa usingizi. Huyo bado anajali. Ninayemwogopa ni anayesifu chai.

Ukiishaisikia hapana, usiibishie hapohapo. Uliza jambo dogo zaidi: je, mwamba mmoja badala ya miwili? Je, miezi mitatu ya kusi, wakati ambao hata hivyo bahari ni chafu? Mara nyingi hapana ni ya ukubwa wa jambo, jambo lenyewe hawana shida nalo.

Na kama pande mbili zimeshikana hasa, toka katikati. Mwaka mmoja wenye madema, ile mitego ya samaki, na wenye nyavu za kukokota waligombana hadi kamba zikakatwa. Nilijaribu kusuluhisha nikaonekana nina upande, kwa sababu mashua yetu ilikuwa imetia nanga upande wa madema. Ni nahodha mmoja mzee, aliyeacha bahari siku nyingi na asiye na hisa kwa yeyote, aliyewakalisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kununua kahawa na kashata.

Pesa iseme yenyewe

Sasa tuje kwenye posho, ambayo kila mtu anaizunguka.

Kikao changu kibaya kuliko vyote kilikwisha vizuri kabisa hadi dakika ya mwisho. Ajenda zimekwisha, dua imesomwa, mhasibu wetu akapitisha karatasi ya kusaini. Karatasi moja. Juu kabisa majina ya wageni wa kata na wilaya, kila mmoja shilingi 30,000. Chini yao wanakijiji, kila mmoja 5,000. Ikapita mkono kwa mkono, taratibu, na niliona nyuso zikibadilika mstari kwa mstari, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba. Mama mmoja aliirudisha bila kusaini na kusema 5,000 yake tumwongezee mgeni, huenda ana njaa zaidi.

Hakuna sheria tuliyovunja. Viwango vilikuwa kwenye bajeti. Tulichokosea ni kwamba tuliacha watu wagundue wenyewe. Siku hizi mambo ya pesa nayasema mwanzo wa kikao, kabla ya ajenda: kijijini hatulipi mtu kwa kukaa, aliyetoka kijiji kingine analipwa nauli ya bodaboda, chai na maandazi yametoka kwa kina mama wa hapa na wamelipwa kiasi fulani, mtumishi wa serikali analipwa kiwango hiki kwa sababu hii, kwa benki, na ataondoka na risiti. Mara ya kwanza kusema hivyo mbele ya maafisa, sauti ilinitetemeka. Mmoja alikasirika na hakurudi miezi miwili. Wengine walikaa wima zaidi.

Kisha kuna bango la pesa. Kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji tunabandika karatasi moja, kwa makapeni: zilizopangwa kwa kijiji hiki mwaka huu, zilizotumika na kwa nini, zilizobaki. Bodi yetu ilibishana nusu siku kuhusu mstari wa mishahara. Tukauweka. Na swali likaja, kama tulivyojua litakuja: "Kumbe nyinyi ndio mnaokula nyingi?" Nikasema ndiyo, watu wanne wanalipwa kufanya kazi hii, na hiki ndicho wanachofanya kila siku, mkiona hawakifanyi, semeni. Walisema. Dereva wetu aliacha kupakia abiria baada ya hapo.

Kwa upande wa serikali uwazi si hiari. Kanuni za mashirika za 2018 zilituweka wazi kuhusu fedha zinazozidi shilingi milioni 20: mkataba unapelekwa kwa Msajili, na matumizi yanatangazwa. Wenzangu wengine huona ni usumbufu. Mimi huchukua nakala ileile ya taarifa, nikaifanya kuwa bango la kijiji. Ukiwa na hesabu moja kwa watu wote, huna haja ya kukumbuka ulimwambia nani nini.

Mfadhili naye ni mtu

Mfadhili anaogopa pia. Anaogopa kusoma habari mbaya kwa mtu mwingine kabla hajaisikia kwako. Ule mwamba ulipovunjika, ripoti yangu ya furaha ilikuwa imeshafika Ulaya. Siku mbili nilizunguka nikitafuta maneno. Mwishowe nikatuma mistari mitatu: ufungaji umevunjika, tuliwasahau wanawake wanaochokoa kwa miguu, tunaomba muda wa kuanza upya nao. Simu ikaja jioni ileile. Niliulizwa maswali magumu, sehemu ya pesa ikazuiliwa hadi tulete mpango mpya, na mkataba ukaendelea. Barua ile ya mistari mitatu wanaitaja hadi leo kuliko ripoti zote za kurasa arobaini.

Wakija kututembelea, siwafundishi wanakijiji la kusema, na mkalimani hatoki kwetu. Tunakodi mwalimu wa sekondari. Mtumishi wa shirika akitafsiri, malalamiko hufika yamepakwa sukari, hata kama hakukusudia.

Bodi nitaipitia upesi. Wajumbe wengi wa bodi za mashirika madogo ni marafiki wa mwanzilishi, na wana mapenzi na shirika, na wana wapwa wanaotafuta kazi. Weka kanuni ya kutangaza maslahi wakati hakuna aliyeomba kitu. Ukisubiri hadi mpwa alete barua, kanuni itakuwa na jina la mtu.

Wafanyakazi je? Hao nimewaumiza zaidi ya wote, maana ndio ninaowaona kila siku na kuwasahau. Hasa wahamasishaji wa vijijini, wanaojitolea. Sisi tukikosea tunapanda gari kurudi mjini. Wao wanalala palepale na lawama zetu. Siku hizi uamuzi wowote mgumu unatangazwa na mimi mwenyewe, kijijini, na mhamasishaji anakaa upande wa wanakijiji.

Siku ya kufungua

Mwaka wa pili mwamba ulifungwa ukafungika. Yule mama wa kanga mbili sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi, na alilinda kwa ukali uliowachosha hata walinzi. Ikafika siku ya ufunguzi. Niliandaa itifaki kama inavyotakiwa: mgeni rasmi kuwasili saa tatu, utambulisho, risala, hotuba, kisha kina mama kuingia majini. Saa nne ikafika mgeni rasmi yuko njiani. Saa nne na nusu bado. Mama akaja pale kwenye turubai, hakuketi, akaniuliza kama ninajua maji yataanza kurudi saa ngapi.

Nikampigia katibu wa mgeni. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akacheka, akasema anzeni, mzee atawakuta. Aliwakuta wakitoka, vikapu vimejaa, na alitoa hotuba yake amesimama kwenye mchanga wenye maji, viatu mkononi, huku pweza wakipimwa nyuma yake. Alituambia ni hafla nzuri kuliko nyingi alizohudhuria.

Ratiba iliyobandikwa ukutani kwetu kwa ufunguzi unaofuata imeandikwa na huyo mama, kwa mkono wake. Maji kupwa, saa nne na dakika ishirini. Kupima, saa sita. Wageni na hotuba, baada ya adhuhuri, kwa atakayekuwepo.